WATU TU: DHAMBI ISIYO NA MWENYEWE



Dominika moja alasiri, katika kigango kimojawapo cha parokia zetu za vijijini hapa Singida, ilichezwa mechi ya kuwania mbuzi. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana aliyekubali kupuliza filimbi kwa sababu hakuna mwingine pale aliyezijua sheria za mchezo. Dakika chache kabla ya mwisho akaamuru penalti. Huenda alikosea, huenda alipatia; jambo hilo silo linalotusumbua. Kabla mpira haujawekwa penye alama, watazamaji walikuwa wamekwisha kuingia kiwanjani. Mwalimu yule alipigwa kwa mateke, kwa fimbo na kwa mawe. Alipoteza meno mawili, na hadi leo sikio lake la kushoto halisikii vema. Alibebwa kwa pikipiki hadi zahanati, na kutoka huko akapelekwa hospitali.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tulikwenda kigangoni juma lililofuata. Tuliuliza swali moja tu: nani alimpiga mwalimu? Tukajibiwa: "Watu." Tukauliza: watu gani? Tukajibiwa: "Watu tu, Baba. Si unajua mambo ya mpira?" Tuliwauliza wazee wa kigango, tukawauliza akina mama waliokuwa wakiuza karanga pembeni mwa uwanja, tukawauliza vijana wa kwaya. Waliokuwapo siku ile walizidi mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuona mkono ukirusha jiwe. Na wengi wao, asubuhi ya siku ile ile, walikuwa wamepeana amani ya Kristo kwa mikono yao.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya neno hilo, "watu tu". Tunasema wazi tangu mwanzo: neno hilo ni uongo, na ni uongo unaoua.

1. ILIANZA NA KITI KIMOJA

Wapo watakaosema kwamba tunalikuza jambo la kijijini. Basi na tutazame nje ya kijiji.

Tarehe 15 Desemba 2024, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, timu ya Simba ilicheza na CS Sfaxien ya Tunisia. Simba ilishinda mabao mawili kwa moja, na bao la ushindi lilipatikana dakika za mwisho kabisa. Wageni wakamvamia mwamuzi, jukwaani zikazuka vurugu, na viti 256 vikang'olewa. Shirikisho la Soka la Afrika likaitoza Simba faini ya dola 40,000 na kuiamuru icheze mechi yake na CS Constantine ya Algeria, Januari 2025, bila mashabiki. Nani aliyeumia? Ni yule mpenzi wa mpira aliyekaa kitini kwake kwa adabu tangu mwanzo hadi mwisho. Ameadhibiwa kwa dhambi ya "watu".

Wala haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika uwanja huo huo, ambao wakati ule uliitwa Uwanja wa Taifa, Simba na Yanga zilitoka sare ya bao moja kwa moja. Bao la Yanga lilibishaniwa kwamba mfungaji aliunawa mpira. Viti vikang'olewa kwa wingi kiasi kwamba Serikali ilizizuia klabu zote mbili kuutumia uwanja ule.

Mtu atasema: kiti ni plastiki, kitanunuliwa kingine. La hasha! Mjini Accra, nchini Ghana, tarehe 9 Mei 2001, mambo yalianza hivyo hivyo. Mashabiki wa Asante Kotoko, timu yao ikiwa imefungwa na Hearts of Oak, walianza kuvunja viti na kuvirusha. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi. Watu wakakimbilia milangoni, wakakuta milango imefungwa. Walikufa watu 126. Siku ile kiti kilikuwa mlango wa kaburi.

Tusogee karibu zaidi. Mwezi Septemba 2008, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo watu wanasema Kiswahili kama sisi, golikipa mmoja alituhumiwa kwamba anauroga mchezo. Ugomvi ukazuka, mawe yakarushwa, polisi wakatumia mabomu ya machozi, umati ukakanyagana. Watu zaidi ya kumi walikufa, wengi wao wakiwa vijana wadogo. Ndugu waamini wa Singida, je, hatujazisikia katika viwanja vyetu tuhuma za namna hiyo juu ya taulo ya golikipa, au juu ya mzee aliyepita nyuma ya goli? Katika mikoa yetu hii ya kati na ya magharibi, ambako vikongwe wamepoteza maisha kwa sababu ya macho mekundu na uvumi wa majirani, tuhuma ya uchawi si mzaha wa jukwaani.

Na tarehe 1 Desemba 2024, mjini Nzérékoré nchini Guinea, ilichezwa fainali ya mashindano yaliyoandaliwa kwa heshima ya kiongozi wa nchi ile. Mashabiki waligombania uamuzi wa mwamuzi, yakafuata mawe, mabomu ya machozi na kukanyagana. Serikali yao ilitangaza vifo 56. Mashindano yaliyokusudiwa kumpamba mkubwa yaliishia kuwazika wadogo.

2. UTANI ULIOIBIWA JINA

Tunapowakemea vijana wetu kwa matusi ya viwanjani, wanatujibu kwa neno moja: "Ni utani." Neno hilo tunalijua, na kwa kuwa tunalijua hatukubali litumiwe hivyo.

Utani ni mali ya wazee wetu. Wanyaturu, Wanyiramba na majirani zao wengi wamekuwa nao tangu zamani, na umesaidia kuwaweka pamoja watu ambao hapo kale walipigana. Lakini utani ulikuwa na sheria zake, ijapokuwa hazikuandikwa popote. Kwanza, utani una majina: mimi ninamjua mtani wangu, naye ananijua, na kila neno linalosemwa lina msemaji wake. Pili, utani una zamu: leo unanicheka wewe, kesho nitakucheka mimi, na hakuna anayekasirika. Tatu, na hili ndilo kubwa, utani una wajibu. Mtani anaweza kuja msibani akamcheka marehemu, akashuka kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Lakini ni yeye huyo anayeshika jembe, anayechota maji, anayewafariji wafiwa kwa kuwalazimisha kucheka katikati ya machozi. Aliye na haki ya kunicheka ndiye mwenye wajibu wa kunizika.

Sasa tuulize: yule anayemtukana mama wa mwamuzi kutoka jukwaani, akiwa amejificha nyuma ya migongo hamsini, ana wajibu gani kwa mama yule? Anamjua? Siku mama huyo atakapofiwa, atakwenda kumchotea maji? Anayempiga chupa mchezaji mgeni, je, anakubali naye apigwe chupa zamu ya pili? Hakuna jina, hakuna zamu, hakuna wajibu. Huo si utani. Ni chuki iliyoiba nguo za utani zikiwa zimeanikwa juani.

Simba na Yanga zenyewe huitwa watani wa jadi, na kwa haki kabisa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata waliojitenga nayo wakaianzisha timu ambayo leo ni Simba. Hao ni ndugu wa nyumba moja. Ndugu wa nyumba moja hutaniana. Wakianza kuviziana kwa chupa na mawe, jina la hali hiyo si utani tena. Maandiko yana jina lake, nalo ni jina la Kaini.

Nasi hapa Singida tuna sababu zaidi ya kuona aibu. Uwanja wetu mkubwa, ambao wengi bado tunauita Namfua, leo unaitwa Liti. Jina la Liti katika mkoa huu ni la mwanamke shujaa wa Kinyaturu, ambaye wazee husimulia kwamba aliwakabili Wajerumani kwa jeshi la nyuki. Je, si aibu kwamba katika uwanja wenye jina hilo mwamuzi msaidizi akiwa mwanamke hutukanwa kwa sababu ya maumbile aliyopewa na Mungu? Na kwamba watoto wa darasa la nne, waliopakatwa na baba zao, huyarudia matusi hayo neno kwa neno wakirudi nyumbani?

3. NGOZI YA KUVAA

Wazee wetu wanakumbuka jambo lingine. Katika miaka ya 1940, wilaya ya Singida iliingiwa na hofu kubwa. Watu waliokotwa wameuawa, miili yao ikiwa na alama kama za kuraruliwa na simba. Baadaye ilidhihirika kwamba nyuma ya makucha yale palikuwa na mikono ya binadamu. Wakaitwa watu-simba, na baadhi yao walifikishwa mahakamani na kunyongwa. (Msomaji asidhani kwamba hapa tunaichokoza timu ya Msimbazi. Mwana-Yanga naye anayo ngozi yake, na anayeshangilia timu ya mkoa wetu vilevile.)

Kwa nini muuaji alitaka aonekane simba? Kwa sababu simba hashitakiwi. Simba hana jina, hana ukoo, haendi kuungama. Mtu akivaa ngozi anaweza kutenda lile ambalo uso wake mwenyewe ungemzuia kulitenda, na kesho yake akakaa barazani na wenzake akisikitika pamoja nao kwa ajili ya marehemu.

Umati wa uwanjani umekuwa kwetu ngozi ya namna hiyo. Mtu mmoja mmoja, tunawafahamu: huyu ni mzazi mwema, huyu ni mweka hazina wa Jumuiya, huyu ni fundi seremala asiyewahi kugombana na jirani. Wakiingia uwanjani wanalivua jina. Filimbi ya mwisho ikilia wanalivaa tena, na mwalimu analala hospitalini akiwa amepigwa na simba asiyejulikana.

Tuseme na lile ambalo linatutia hofu kuliko yote. Kila mara tunasoma katika magazeti kwamba kibaka fulani, au mtu aliyedhaniwa kuwa kibaka, ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Hawa nao hawana majina. Walijifunzia wapi kupiga pamoja na kutawanyika pamoja? Walijifunzia wapi kwamba jiwe likirushwa na watu mia halina mrushaji? Sisi tunaona kwamba uwanja wa mpira umekuwa mojawapo ya madarasa ya somo hilo. Aliyemrushia mwamuzi jiwe Dominika na asiulizwe na mtu, hatakuwa na swali la kujiuliza Jumatano atakapoona tairi likiletwa kumchoma mwizi wa kuku.

Sheria ya nchi yetu haikubali udanganyifu huo: waliokusudia kosa kwa nia moja na kulitenda pamoja, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Na sheria ya Mungu ilitangulia kusema hivyo. Katika kitabu cha Kutoka, Waisraeli waliagizwa wasiwafuate walio wengi katika kutenda uovu. Mungu alijua kwamba wingi ni kishawishi.

4. WANAOKULA MATUNDA YA HASIRA

Hatutakuwa wa haki tukiwalaumu vijana peke yao. Hasira ya uwanjani ina wakulima wake na ina wavunaji wake.

Wapo viongozi na wasemaji wa vilabu ambao juma zima kabla ya mechi huhubiri kwamba mwamuzi ni adui na wapinzani ni wachawi. Timu ikifungwa, wao huondoka kwa magari yenye vioo vyeusi; kijana waliyemwasha moto hubaki akikimbizana na polisi. Vipo pia vikundi vya walinzi wa vilabu, wale wanaoitwa makomandoo, ambao kazi yao haieleweki. Mwezi Machi 2025 taifa zima lilishuhudia mechi ya Simba na Yanga iliyopangwa tarehe 8 ikiahirishwa, baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia siku ya mchezo. Mechi hiyo haikuchezwa hadi tarehe 25 Juni. Wapo waliokuwa wamesafiri kutoka Manyoni na Itigi, Kiomboi na Ikungi, kwa nauli waliyoikopa, wakarudi bila kuona hata mpira ukidunda.

Zipo kampuni za kubeti. Zamani mtu alifungwa akaumia moyo. Leo anaumia na mfukoni. Kijana wa bodaboda ameweka fedha ya mafuta, mkulima mdogo ameweka fedha ya magunia mawili ya alizeti, na dakika ya tisini mkeka umechanika. Machoni pake mwamuzi aliyeamuru penalti ni mtu aliyemwibia. Kampuni yenyewe haikurushiwa hata kokoto. Jina lake limeandikwa kifuani mwa wachezaji, nayo imekwisha kupata chake.

Na wapo wanaotafuta kura. Kila unapokaribia uchaguzi, makombe yanaota vijijini kama uyoga baada ya mvua: kombe la huyu, mbuzi wa yule, jezi zenye picha ya mwingine. Hatuwakatazi kuwapa vijana mipira. Tunawauliza tu: mbona mmeleta mbuzi, jezi na spika, lakini hamkuleta mtu wa kumlinda mwamuzi, wala sanduku la huduma ya kwanza? Nzérékoré iwe fundisho.

5. MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Wapo wanaosema: "Mapadre hawapendi mpira." Si kweli. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuwa golikipa katika ujana wake, aliadhimisha Misa ya Jubilei ya wanamichezo ndani ya Uwanja wa Olimpiki mjini Roma, tarehe 29 Oktoba 2000. Mtume Paulo hakuona haya kumfananisha Mkristo na mkimbiaji anayeshindania tuzo. Sisi nasi tulifurahi Singida United iliporudi Ligi Kuu mwaka 2017, na tulifurahi zaidi Singida Black Stars ilipotwaa Kombe la Kagame mwaka 2025. Piga ngoma, puliza vuvuzela, imba hadi sauti ikauke. Hatuukatai mpira wala kelele zake. Tunakataa jiwe.

Wapo wanaosema: "Waamuzi wanahongwa." Inawezekana, na rushwa ni dhambi inayolia mbele ya Mungu. Lakini jiwe halichunguzi rushwa. Jiwe halisikilizi mashahidi. Tukumbuke ghasia za Efeso, zinazosimuliwa katika Matendo ya Mitume. Umati ulijaa katika ukumbi wa michezo, ukapiga kelele kwa muda wa kama saa mbili, na Maandiko yanatuambia kwamba wengi wao hawakujua hata wamekutanikia nini. Aliyeuokoa mji siku ile ni karani, ambaye hata hakuwa Mkristo. Aliwaambia kwa maneno ya akili kwamba mwenye shauri na alipeleke barazani, kwa kuwa baraza zipo. Je, sisi tuliobatizwa tushindwe na karani wa Efeso? Andikeni malalamiko, pelekeni kwa chama cha mpira cha wilaya, dai uamuzi wa haki. Na mwalimu wetu wa kigangoni alihongwa nini, na nani, kwa mechi ambayo zawadi yake ni mbuzi mmoja?

Wapo, hatimaye, wanaosema: "Ni umaskini. Vijana hawana kazi, uwanjani wanatoa machungu yao." Hoja hii tunaiheshimu, kwa maana umaskini wa mkoa wetu tunauona kila siku. Mvua ikikosekana, mtama na uwele hukauka, na kijana hukosa hata shilingi ya kununulia daftari la mdogo wake. Lakini umaskini unaeleza hasira. Haumsafishi mwenye kutupa jiwe. Mwalimu aliyepigwa naye ni maskini. Mama wa karanga, ambaye sinia lake lilikanyagwa na mtaji wake wote ukaishia mavumbini, ni maskini kuliko wote. Kama kijana ana machungu na wanaomdhulumu, kwa nini machungu hayo yamwangukie daima maskini mwenzake?

6. ALIYELINDA MAVAZI

Sasa tunawageukia wale ambao hawakurusha jiwe. Ni wengi, na huenda wewe unayesoma ni mmoja wao. Unasema: mimi nilisimama tu, nilitazama tu, nilicheka kidogo, nilirekodi kwa simu.

Shemasi Stefano alipopigwa mawe, waliompiga waliweka mavazi yao miguuni pa kijana mmoja aitwaye Sauli. Kijana huyo hakurusha hata jiwe moja. Alilinda nguo. Kama ungemwuliza siku ile nani alimwua Stefano, angeweza kujibu kwa dhamiri tulivu: watu tu.

Lakini Sauli alipokuwa Paulo, hakujibu hivyo. Miaka mingi baadaye, akiwa Yerusalemu, alikiri kwa kinywa chake kwamba damu ya Stefano ilipomwagwa yeye mwenyewe alikuwa amesimama hapo, akikubali, akiyalinda mavazi ya wauaji. Hakusema umati. Hakusema ujana. Alisema "mimi". Hapo ndipo penye tofauti ya umati na Kanisa. Umati ni mkusanyiko wa watu waliopoteza majina. Kanisa ni mkusanyiko wa watu walioitwa kila mmoja kwa jina lake, siku alipomwagiwa maji. Na jina hilo halivuliwi mlangoni mwa uwanja.

7. YATUPASAYO KUTENDA

Tume haitaki makala haya yaishie kwenye kusomwa. Tunapendekeza mambo yafuatayo kwa Halmashauri za Walei, kwa viongozi wa vijana na kwa kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo.

Kwanza, uwanja wowote ulio katika eneo la kanisa au la shule ya parokia usitumike kwa mashindano mpaka waandaaji waandike majina ya watu wasiopungua kumi, wanaojulikana, watakaosimama kumlinda mwamuzi na wageni. Tunasema majina. Asiyekubali kuandikwa asipewe uwanja.

Pili, mzazi anayempeleka mtoto uwanjani ajue kwamba anampeleka darasani. Mtoto akirudi na tusi jipya, mwalimu wa tusi hilo ni aliyemshika mkono.

Tatu, kiongozi wa walei, mwanakwaya au mwalimu wa dini atakayejulikana kuongoza vurugu au matusi, akae pembeni katika utumishi wake mpaka apatane na aliyemkosea. Hatusemi afukuzwe. Tunasema apatane kwanza, kama Bwana alivyomwagiza mwenye sadaka aiache mbele ya altare akapatane na ndugu yake.

Nne, palipotokea dhuluma, yafanyike malipizi. Maungamo husamehe dhambi, lakini meno ya mwalimu na sinia la mama wa karanga vina gharama, na gharama hiyo ni deni la waliokuwapo.

Tunamalizia na habari ya kigango kile. Wiki sita baada ya mechi ya mbuzi, kijana mmoja alikuja kwetu jioni, peke yake. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu bila kuketi. Kisha akasema: "Ni mimi. Jiwe la sikio lilikuwa langu." Katekista alimsindikiza hadi nyumbani kwa mwalimu. Yaliyosemwa huko ni yao wawili. Tunajua tu kwamba kijana yule alimlimia mwalimu shamba lake msimu huo, kwa sababu fedha hakuwa nayo, na kwamba mwalimu aliyakubali malipo hayo.

Kati ya watu zaidi ya mia mbili, amekuja mmoja. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, na tunawasubiri wengine. Mlango hatujaufunga.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika kijiji au mtaa wetu amewahi kupigwa au kutukanwa mwamuzi, mchezaji au shabiki wa timu nyingine? Sisi tulikuwa wapi siku hiyo?

2. Wazee watueleze: utani wa jadi ulikuwa na mipaka gani? Ni ipi kati ya hiyo imevunjwa viwanjani?

3. Yupo katika eneo letu mtu aliyeumizwa na "watu" na ambaye bado hajaombwa msamaha? Nani kati yetu atakwenda kwake, na lini?